Likizo ya Desemba kwenye joto: tazama tofauti ya saa kabla ya kutazama nyuzi joto

Mkuu, umesema mnaishi kwenye theluji, mna wiki tatu kuanzia katikati ya Desemba, watoto wawili na mama mwenye shinikizo la damu, na mnataka kwenda mahali penye kiangazi cha kweli. Sisi tumekuwa tukifanya hivyo kila tunapoweza, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu. Najua wapo humu watakaonipinga.

Wengi huchagua pa kwenda kwa kuangalia nyuzi joto. Mimi naanza na saa. Ukishuka kutoka Ulaya hadi Cape Town, safari ya ndege ni ndefu, lakini Desemba tofauti ya saa ni moja au mbili tu. Unafika umechoka, unalala usiku mmoja, kesho yake uko sawa. London na Sydney msimu huo zinapishana kwa saa 11. Mwili huzoea takriban saa moja kwa siku, kwa hiyo kwenye wiki tatu zenu sehemu kubwa ingeishia kwa watoto kuamka saa tisa usiku wakitaka kucheza, na mkirudi mnaanza upya. Australia ni nzuri sana, ila ni ya mtu mwenye miezi miwili. Kwa walioko mashariki mwa Marekani, Buenos Aires na Santiago ziko mbele ya New York kwa saa mbili tu. Shukeni kusini moja kwa moja, ndio ushauri wangu mkubwa.

Halafu si kila penye joto pana kiangazi. Visiwa vya Canary vina hali ya hewa tamu Desemba, mchana hufika nyuzi 20 hivi, ni pazuri kwa kutembea, lakini mtoto akiingia baharini atatoka anatetemeka. Darwin na Cairns, kaskazini mwa Australia, ziko kwenye mvua na msimu wa vimbunga, na baharini kuna viwavi wa baharini wenye sumu kali. Thailand inataka uangalifu: upande wa Phuket unakuwa umekauka, wakati Koh Samui mvua huweza kuendelea hadi ndani ya Desemba. Karibi msimu wa vimbunga huisha Novemba, kwa hiyo huko hakuna neno.

Kwa familia yako ningechagua Cape Town, na hapa niseme mambo ambayo mawakala wa safari huwa hawayasemi. Mwishoni mwa Desemba jua linazama karibu saa mbili usiku. Kwa mtu aliyetoka mahali ambapo saa kumi jioni taa zimeshawashwa, mwanga huo peke yake unatosha kumrudisha mtu kwenye hali yake. Lakini bahari ya upande wa Atlantiki, kama Camps Bay, ni baridi ya kuumiza mifupa hata mchanga ukiwa unaunguza nyayo. Upepo wa kusini mashariki unasukuma maji ya juu mbali na pwani, ya chini yenye baridi yanapanda kuchukua nafasi yake. Wapeleke watoto upande wa False Bay, Muizenberg au Fish Hoek, ambako maji yana uvuguvugu zaidi na kina kifupi. Muizenberg kuna walinzi wanaotazama papa kutoka mlimani. Wafundishe watoto bendera zao siku ya kwanza kabisa: kijani maana yake maji yanaonekana vizuri na papa hajaonekana, nyeusi maana yake maji hayaonekani vizuri, nyekundu ni tahadhari, na nyeupe yenye picha ya papa, ikiambatana na king'ora, ni kutoka majini papo hapo. Kuhusu Table Mountain, upepo ukizidi kigari cha kamba hakitembei, kwa hiyo siku ya kwanza mkiamka pametulia, pandeni. Msiiweke mwishoni mwa safari.

Sasa jua. Mwanzoni mwa Januari dunia huwa karibu zaidi na jua kuliko wakati wowote wa mwaka, na nguvu yake huzidi ya Julai kwa karibu asilimia 7. Ngozi yenu imefichwa ndani ya makoti tangu Oktoba, na upepo wa baharini unaficha moto wake. Wenye ngozi nyeusi tusijidanganye, rangi inapunguza madhara ila haiyaondoi. Mafuta ya kukinga jua yapakwe kila baada ya saa mbili na kila mtoto akitoka majini. Kuna jambo jingine dogo linalowachanganya wengi: kule jua hupita upande wa kaskazini, likienda kutoka kulia hadi kushoto kwa anayelitazama. Niliwahi kumwona mama mmoja amemlaza mtoto kwenye kivuli cha mwavuli, akaweka taulo upande aliodhani kivuli kitasogea. Kikasogea upande wa pili, na muda si mrefu miguu ya mtoto ilikuwa nje juani. Mwangalieni aliyelala, kivuli kinahama.

Kuhusu mama, hapo usifanye mchezo. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea joto, na joto hulegeza mishipa ya damu, presha inaweza kushuka. Kama anatumia dawa za kuongeza mkojo, jasho likijumlishwa anaweza kupata kizunguzungu akisimama ghafla. Mpeleke kwa daktari wake kabla ya kuondoka, aulize kama dozi inahitaji kubadilishwa, asijipunguzie mwenyewe. Mama mkwe wangu huvimba vifundo vya miguu siku za mwanzo, akiinua miguu jioni hupungua. Na dawa zisiachwe ndani ya gari hata kidogo.

Nyumbani msizime kabisa mfumo wa kupasha joto, mabomba yataganda na kupasuka. Uacheni kwenye joto la chini, mfunge valvu kuu ya maji. Someni pia bima yenu, nyingi zina masharti kuhusu nyumba isiyo na mtu.

Makoti yawe kwenye mabegi ya mkononi, si yale mnayokabidhi uwanjani, maana mkirudi mtatua usiku kwenye baridi na begi laweza kuchelewa. Acheni angalau siku mbili kabla ya kazi na shule, na siku hizo mtoke nje saa za mchana hata kama mwanga ni hafifu. Ukiandika mnatokea mji gani na watoto wana umri gani, nitakuambia ningepangaje wiki ya kwanza.