Amplifaya iliyolala miaka 15: spika zikae mbali kwanza!

Mkuu, weka huo waya chini. Umesema amplifaya ya mjomba imelala kabatini miaka 15 na leo usiku unaichomeka na spika zake zile zile, "nisikie kama bado mzima". Mimi nilifanya hivyo hivyo. Wufa (spika kubwa ya besi) ya kushoto ilikufa kabla sijakaa kwenye kiti.

Fundi niliyempelekea aliipuliza vumbi, akagonga bodi kwa kidole: "Hiki ni chuma cha zamani, we washa tu, kitazinduka chenyewe." Hata mita ya kupimia volti hakutoa mfukoni! Nikawasha. Spika ikapiga "dub" moja, karatasi ya wufa ikachomoza nje na kuganda pale pale, hairudi. Mimi nikajisemea, mh, besi hiyo. (Chekeni tu.) Ikaanza kunuka kama mpini wa sufuria uliosahauliwa jikoni. Kuja kuchomoa, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya karatasi, imeshakuwa mkaa.

Transista ya kutolea sauti, kile kijipande kinachosukuma umeme kwenda kwenye spika, ilikuwa imepiga shoti, kwa hiyo volti 45 za ndani zikamwagika zote kwenye spika. Volti 45 kwenye koili ya omu 6 ni zaidi ya wati 300 za joto tupu, hakuna hata noti moja ya muziki. Rilei ya ulinzi, ile swichi ya kukata spika mambo yakiharibika, ilikuwepo, ila ncha zake zilishagandana. Fyuzi nayo ilikatika, tena kwa adabu zote, baada ya mazishi. Na wufa ya aina ile haitengenezwi tena, nimeitafuta mpaka nikachoka.

Kwa hiyo: PIMA DC KABLA YA SPIKA. (DC ni umeme wa mkondo mmoja, ndio uliounguza wufa yangu.) Mwashe wa kwanza upitishie umeme kwenye balbu ya wati 60 iliyofungwa kwa mfuatano na amplifaya, yaani umeme upite kwenye balbu ndipo ufike kwenye amplifaya. Iwe ile ya zamani yenye waya unaowaka ndani, LED haitakusaidia kitu. Kama hujazoea umeme wa ukutani, mwombe fundi umeme akufungie. Balbu ikimulika kisha ikafifia, nenda mbele. Ikibaki inawaka kama ya sebuleni, zima, kuna shoti. Ikipita hapo, toa balbu, washa tena, sauti sifuri, weka mita kwenye DC na upime matundu ya kuchomekea spika kwenye amplifaya, kushoto kisha kulia. Chini ya milivolti 50, sawa. Ukiona volti nzima nzima, zima. Na usiingize vidole ndani eti umeshachomoa; kapasita kubwa zinatunza umeme.

Hata ikifaulu, anza na spika iliyotolewa kwenye redio mbovu, ambayo hutaililia.

Uliuliza pia mkanda wa mashine ya santuri, na sijui sindano... mkanda ukilegea badilisha, hayo mengine yatasubiri. Pima kwanza, leta namba hapa, za pande zote mbili. Spika zihamishie chumba kingine, nakujua mkono utawasha.