Mtaji au mlezi? Mwulizeni mweka hazina wetu

Mmeuliza wiki hii: kijana anayeanzisha biashara anahitaji nini zaidi, mtaji au mlezi? Mimi nasema mlezi. Hapa Dodoma tumeona vikundi vikisambaratika fedha za halmashauri zikishaingia tu. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4-4-2 (asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu), haina riba, lakini marejesho yalisuasua mpaka Serikali ikasimamisha mikopo hiyo mwaka 2023 ili ipange utaratibu upya.

Ila msinielewe kwamba mlezi ni yule wa semina, anayegawa vyeti na kuondoka na posho. Mlezi ninayemjua ni mweka hazina wa kikoba chetu, yaani kikundi chetu cha kuweka na kukopa, mama wa makamo anayeuza nafaka.

Binti mmoja mwanachama wetu anatengeneza siagi ya karanga. Alikuwa akitoa chupa kama 40 kwa wiki, ndipo duka kubwa la mjini likampa oda ya chupa 600. Akaja kikaoni kuomba milioni moja na nusu. Hisa zake zilitosha, wadhamini alikuwa nao, na sisi wengine tulishaanza kumpigia makofi. Mama akamwambia, "Mwanangu, hizo karanga unazotaka kununua, tuletee sampuli tuzione."

Alizileta. Zilikuwa za bei ya chini, maana oda ilikuwa na haraka. Mama akazimwaga kwenye ungo, akaanza kuchambua palepale: zilizosinyaa huku, zenye ukungu huku. Zile mbaya zikafika karibu robo ya ungo.

"Ukizisaga hizi, mteja ataziona?"

"Hapana, mama."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Kimya kikatanda. Nani wa huku amesahau mwaka 2016, sumukuvu ya kwenye mahindi ilivyoua watu Dodoma na Manyara? Sumu hiyo ya ukungu haitoweki yote kwa kukaangwa. Kisha mama akaipindua chupa moja ya siagi ya binti. Mafuta yakachuruzika kifunikoni mpaka kwenye kitenge chake. Akauliza bei ya kifuniko, nauli, na mdogo wake binti anayemsaidia kuchambua analipwa nini. Halipwi. Mwisho akauliza duka linalipa lini. Baada ya siku 60! Na marejesho yetu yanaanza mwezi unaofuata.

Akapewa laki tatu za vifuniko na karanga safi, na akaambiwa aende SIDO, shirika la viwanda vidogo, akapate mafunzo na barua ya kumtambulisha TBS, shirika la viwango. Oda ikaenda kwa mwingine. Binti aliondoka macho yamejaa machozi, na mama akamsindikiza mpaka kituo cha daladala.

Nilidhani kisa hiki kinatosha kuthibitisha jibu langu. Lakini ukweli ni kwamba leo binti huyo ana alama ya TBS, anahudumia maduka kadhaa, hadaiwi na mtu, na bado anapanga foleni kwenye mashine ya kukodi, nyuma ya watu wanaosaga unga. Busara haijampungukia. Kimempungukia kinu chake mwenyewe, na hapo mama hana la kumsaidia: kikoba tunakivunja kila Desemba na kugawana, kwa hiyo hakuna mkopo unaovuka mwaka, na mashine ile hailipi gharama yake ndani ya mwaka mmoja.

Basi kwa mtu aliyefika hapo, nihesabuni upande wa mtaji. Lakini uwe wa miaka miwili au mitatu, utolewe kama mashine na si fedha taslimu, na upitie kwa watu wanaomjua tangu chupa 40. Kwa anayeanza kabisa, bado nasita. Na kama kuna bajeti ya posho za semina, sehemu yake apewe mama yule, kwa saa anazokaa na ungo wake.