Muulize Mwalimu: Buibui asiye buibui

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu wa darasa la sita amerithi kitabu cha zamani chenye picha ya buibui mkubwa kama sinia, jina lake Megarachne, aliyeishi kabla ya dinosaria. Kwenye simu nasoma kuwa si buibui. Tushike lipi? Na kama si buibui, mbona jina halikubadilishwa? (Mama, Tabora)

JIBU: Marahaba, mama. Shika la kwenye simu. Nami naungama: kwa miaka nimewaambia wanafunzi wangu ni buibui, tena kwa mbwembwe, nimetanua mikono mbele ya ubao kuwapimia nusu mita ya miguu.

Kisukuku chenyewe, yaani mabaki ya kiumbe yaliyogeuka jiwe, kilitoka Bajo de Véliz, mkoani San Luis, Argentina, kwenye miamba ya miaka milioni 300 hivi. Mwaka 1980 mtaalamu wa visukuku Mario Hünicken alikitangaza kuwa buibui, na akakipa jina lenye maana ya "buibui mkubwa". Buibui Goliathi wa Amerika Kusini, anayetisha watu leo, miguu yake ikitanuliwa hufika sentimita 30 tu.

Waliotilia shaka walikuwapo, ila kisukuku halisi kilifungiwa kwenye kasiki ya benki, wao wakabaki na nakala za plasta. Kisha kikapatikana kisukuku cha pili. Mtaalamu mwingine wa visukuku, Paul Selden, na wenzake wakakuta pingili za mgongoni zina safu ya vinundu vilivyochongoka, na miguu ya mbele ina vipande bapa kama visu. Buibui hana hayo. Ni ya yuripterida, wale waitwao nge wa bahari (nao si nge, na huyu aliishi maji baridi!). Makala ilitoka mwaka 2005, na Hünicken mwenyewe ni mmoja wa waandishi wake. Hapo nilimvulia kofia.

Hata hivyo undugu upo. Buibui, nge, kupe na yuripterida wote ni kelicherata, tawi moja la athropoda, wanyama wasio na uti wa mgongo wenye miguu ya pingili.

Kuhusu jina, kanuni ya majina ya wanyama hulinda lile lililotangulia kutolewa kwa utaratibu, hata likidanganya. Mtaani kwetu yuko mzee anaitwa Kijana; ana wajukuu tisa, na hakuna anayemwita vingine.

Kitabu msikitupe. Binti achukue penseli, akate neno "buibui" chini ya picha, aandike "yuripterida".