Anataka urubani: lazima aanze na chuo kikuu?

SWALI: Binti yangu ana miaka 18, amemaliza kidato cha nne na anataka kuwa rubani wa kuajiriwa. Jamaa wanasema lazima kwanza asome digrii ya uhandisi wa ndege. Uwezo wetu si mkubwa. Tuanzie wapi? – Mama, Langoni, Lamu

JIBU: Mama, digrii si sharti. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya (KCAA) inapotoa leseni ya rubani huangalia umri, afya, mitihani na saa za kuruka. Uhandisi wa ndege ni kazi nzuri, ila ni kazi nyingine. Miaka ile yote ya chuo haimwongezei binti hata saa moja ya urubani.

Kabla ya kulipa karo popote, apimwe afya ya daraja la kwanza kwa daktari aliyeidhinishwa na KCAA. Miwani pekee haimzuii, mradi akiivaa aone vizuri. Lakini kasoro ya kutotofautisha rangi, kifafa au maradhi ya moyo, heri ijulikane leo kuliko baada ya kuuza shamba.

Leseni ya rubani binafsi huhitaji saa 40 za kuruka. Ile ya biashara, ambayo ndiyo ya kumpatia mshahara, ni saa 200, au 150 akisoma kozi moja mfululizo iliyoidhinishwa. Tofauti hiyo ni pesa nyingi: Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo, hunywa takriban lita 35 kwa saa, kwa hiyo saa 50 ni kama lita 1,750 za mafuta peke yake. Basi muombe mkuu wa chuo cha urubani awaonyeshe cheti cha KCAA, muone kama kozi hiyo imo.

Bei ya saa moja isiwadanganye. Ulizeni kama mafuta, mkufunzi, ada za kutua na mitihani vimo ndani yake. Ulizeni pia ndege ngapi zinaruka wiki hii, si ngapi zimeegeshwa. Ndege za mafunzo huingia karakana kila baada ya saa kadhaa za kuruka. Chuo chenye ndege moja kitamweka binti mjini bila kuruka, kodi ya nyumba ikiendelea.

Hapa ndipo familia nyingi huumia: analipa kidogo, anaruka kidogo, anasimama miezi mitatu, kisha anarudia masomo yale yale kwa pesa mpya, maana mkono umesahau. Akae Lamu asome nadharia (sheria za anga, hali ya hewa, uongozaji) huku mkichanga pesa za hatua nzima ya kwanza, yaani leseni ya rubani binafsi. Zikitimia, aende aruke mara tatu au nne kwa wiki mpaka aimalize. Lipeni hatua kwa hatua, msikabidhi karo yote siku ya kwanza, na kila malipo yawe na risiti.

Kwenye hesabu yenu wekeni pia kibali cha kuruka kwa kutegemea vipimo vya ndani ya ndege pale rubani asipoona nje, na cha ndege ya injini mbili, kwani waajiri wengi huviulizia. Baada ya hapo, ukufunzi ni njia nzuri ya kuongeza saa huku analipwa, kabla ya kuomba kazi kwenye ndege ndogo za abiria aina ya Caravan kama zile zinazotua Manda.