Kiwanja kimefunga, eneo limelingana, na bado kimegeuka: ukaguzi wa mistari na koodineti kwenye AutoCAD

Wadogo zangu mnaoanza kuchora michoro ya upimaji, iwe mmetoka vyuo vya Ardhi Morogoro, Ardhi Tabora au mmejifunzia ofisini, kuna jambo ningependa mlijue kabla ya amri yoyote ya AutoCAD, programu yetu ya kuchorea. Kiwanja kinaweza kufunga, yaani mstari wa mwisho ukarudi palepale ulipoanzia, bila senti ya tofauti, urefu wa kila mstari ukawa sahihi, eneo likalingana na hesabu za uwandani, na bado kikawa kimegeuzwa kushoto kulia. Wengi wanaoanza hukagua eneo tu, wakiona limelingana wanapeleka mchoro mbele. Eneo halitoshi.

Chanzo ni hiki. AutoCAD ikiachwa ilivyotoka kiwandani huhesabu pembe kuanzia mashariki na kuzunguka kinyume cha saa. Beringi ya mpima ardhi, yaani pembe ya mwelekeo wa mstari, huanzia kaskazini na kufuata mwendo wa saa. Chukua mstari wa mita 40 wenye beringi ya 60°. Unatakiwa usogee mita 34.641 mashariki na mita 20 kaskazini. Ukiandika @40<60 bila kugusa mipangilio, utasogea mita 20 mashariki na 34.641 kaskazini. Ukiendelea hivyo hadi bikoni (alama ya kona ya kiwanja) ya mwisho, kila mstari utapinduka kwa namna ileile, ndiyo maana umbo linafunga bila shida. Ni kama kiatu cha kushoto na cha kulia: urefu mmoja, upana mmoja, ila mguu haukubali.

Kosa la pili linazaa matokeo yaleyale: kubadilishana E (mashariki) na N (kaskazini). Orodha nyingi za koodineti zinatanguliza N kisha E, na mashine za kupimia zina mpangilio wa kuchagua ipi itangulie kwenye faili. AutoCAD yenyewe inataka X kwanza, yaani E, halafu Y, yaani N. Hapa Tanzania tuna bahati, kwa sababu kwenye UTM (gridi ya ramani inayohesabu kwa mita) ya kusini mwa ikweta namba zenyewe zinajitambulisha. E ina tarakimu sita kabla ya nukta. N ina saba, na inaanza na 9. Ukishuka kusini hadi Songea au Mtwara inaanza na 8. Kwa hiyo andika ID, gusa bikoni yoyote, na kama X inasoma milioni tisa na kitu umeshampata mhalifu. Kazi ya koodineti za kubuni, labda umeanzia 1000,1000, haina kinga hiyo. Hapo lazima urudi kwenye beringi.

Na beringi ndiyo shahidi wa kweli. Chagua mstari mmoja, andika LIST, soma pembe yake, linganisha na karatasi ya hesabu. Lakini kwanza ingia UNITS, amri ya mipangilio ya vipimo: upande wa pembe chagua Deg/Min/Sec, weka tiki kwenye Clockwise, kisha bonyeza Direction uchague North. Mipangilio hii inakaa ndani ya mchoro huo mmoja tu, kwa hiyo itengenezee kiolezo na uanzie hapo kila kazi mpya. Jua pia kwamba ukishaweka Clockwise, hata ROTATE itazungusha kwa mwendo wa saa ukiipa namba chanya. Usije ukadhani programu imeharibika.

Sasa soma tofauti yenyewe, maana inakuambia ugonjwa. Jumlisha beringi ya karatasi na ya mchoro. Ikiwa jumla ni 90°, au 450° kwa beringi inayozidi 90°, umbo limegeuzwa: ama pembe zimeanzia mashariki ama E na N zimebadilishana. Kama koodineti ya bikoni ya kwanza ni sahihi na zilizofuata zimepotea, shuku UNITS. Kama zote zimepotea, shuku mpangilio wa faili.

Ikiwa tofauti ni 180° kamili, mstari uko mahali pake, ila umechorwa kutoka mwisho kuja mwanzo. LIST husoma kutoka nukta uliyoanza nayo. Wengine husema hili si kosa. Mimi nasema ni kosa pindi programu inapoandika beringi yenyewe kwenye mchoro, kwa sababu mtu atakayesoma kutoka bikoni ya kwanza kwenda ya pili atasoma mwelekeo wa kurudi. Chora kwa mwendo wa saa tangu mwanzo, bikoni kwa bikoni. Kama ni polilaini (mistari iliyoungana kuwa kitu kimoja) na imeshachorwa kinyume, amri ya REVERSE inaigeuza.

Ikiwa tofauti ni ya dakika chache, angalia ulivyoandika pembe. 123°45'30" huandikwa 123d45'30". Waliozoea kikokotoo au mashine huandika 123.4530, na AutoCAD ya kawaida huisoma kama digrii za desimali, yaani 123°27'10.8". Kwa mstari wa mita 100 kosa hilo linakusogeza pembeni sentimita 53. Kiwanja cha namna hii hakitafunga, na heri kisifunge, kwa sababu utalazimika kutafuta.

Upande wa kuandika koodineti kuna mitego mitatu inayokula muda wa wageni kuliko mingine yote.

Wa kwanza ni koma ya maelfu kutoka Excel. Ukibandika 531,200.45,9248310.20 programu hailalamiki hata kidogo. Inasoma X kuwa 531, Y kuwa 200.45, na Z kuwa zaidi ya milioni tisa. Ukiangalia kutoka juu unaona nukta karibu na sifuri na hujui imefikaje huko. LIST itakuonyesha Z hiyo. Ondoa koma za maelfu kwenye Excel kabla ya kunakili, si baada.

Wa pili ni kisanduku kinachofuata kishale cha panya, kinachowashwa na kuzimwa kwa F12. Kikiwa kimewashwa, nukta ya kwanza inasomwa kama ulivyoandika, lakini ya pili inajumlishwa na ya kwanza. Umeanzia 531200.45,9248310.20 na kuandika 531240.45,9248330.20, mstari unakwenda hadi 1062440.90,18496640.40. Ukiona mstari umekimbilia nje ya skrini kuelekea kaskazini, soma mwisho wake kwa ID. N ya milioni kumi na nane haipo popote duniani. Zima F12, au anza kila koodineti kamili kwa alama ya #.

Wa tatu unawapata wanaotumia faili za skripti, yaani orodha ya amri zinazojiendesha zenyewe. Koodineti uliyoichapa kwa mkono huishinda OSNAP (kinachonasa nukta zilizo karibu, huzimwa kwa F3), lakini kwa mpangilio wa kawaida iliyotoka kwenye skripti haiishindi. Bikoni mbili zikiwa karibu, mstari unanata kwenye ile isiyo yake, na kwa macho huoni. Zima F3 kabla ya kuendesha skripti. Ni sekunde moja.

Ukiwa umekagua hayo yote na namba bado hazikubali, andika UCS kisha W, urudi kwenye mfumo wa koodineti wa asili. Huenda aliyekutangulia kwenye faili aliuzungusha mfumo ili maandishi yakae vizuri kwenye karatasi, na kila unachochapa kinafuata mfumo wake.

Limebaki moja ambalo UNITS, LIST wala beringi haziwezi kulikamata. Michoro yetu mingi ya zamani iko kwenye datumu (msingi wa kuhesabia koodineti) ya Arc 1960, na GPS ya mkononi hutoa datumu ya WGS 84 isipobadilishwa. Umbo litakuwa sahihi, beringi sahihi, E sita na N saba, lakini kiwanja chote kitakuwa kimehama karibu mita 300 kwa kaskazini na kusini, juu ya ardhi ya watu wengine. Vivyo hivyo kwa kanda za UTM: Dodoma mjini iko kanda ya 36 na Morogoro kanda ya 37, mpaka ukiwa longitudo 36. Kwa hiyo unapopokea faili la koodineti, kabla hujafungua AutoCAD, muulize aliyepima: ni datumu gani, na kanda ipi? Jibu lake liandike juu ya orodha kwa mkono wako, na kama hakumbuki, mwombe koodineti za bikoni ya zamani aliyoanzia ulinganishe na mchoro ulioidhinishwa.