Kupunguzwa Kazini Bila Kushauriwa

Swali: Baada ya miaka 6 katika kampuni moja jijini Dar es Salaam, nimekabidhiwa barua ya kupunguzwa kwa sababu ya mabadiliko ya muundo, bila kikao chochote. Je, nimeachishwa isivyo halali?

Jibu: Kupunguza wafanyakazi si kosa, lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio lake mapema, aeleze sababu, kisha ashauriane na wafanyakazi au chama chao kuhusu njia za kuepuka upunguzaji, vigezo vya kuwachagua watakaoondoka na malipo yao. Barua ya ghafla namna hiyo (na huwa haikosi maneno matamu ya shukrani) inaidhoofisha sana hoja ya mwajiri. Fungua mgogoro katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa.