Vinyama vya wazee: kwa mliopangiwa vituo vya afya vya Pemba

Bibi ataingia kupimwa presha. Ukishamaliza atalegeza mtandio akuoneshe shingo: "Mwanangu, na hivi je?" Hilo ndilo lililomtoa nyumbani.

Mara nyingi ni vinyama laini vyenye kikonyo, shingoni au kwapani, ngozi inapojisugua. Mwenye vingi, tena mnene, mpime sukari. Mashavuni ni vidoa vyeusi vilivyotuna, ambavyo mama yake alikuwa navyo na bintiye atakuja navyo. Mgongoni utakuta mabaka makavu ya kahawia au meusi, kama nta iliyodondokea ngozi. Chunjua huletwa na virusi na huambukiza, haya yote matatu hayaambukizi. Waambie na waliomleta, kwani nimeshamuona bibi ametengewa taulo na kikombe kwa ajili ya shingo yake.

Kuviondoa kwa urembo, mimi sishauri. Nilipokuwa mgeni wa kazi nilimchoma mama mmoja vidoa vya mashavuni, harusi ya mwanawe ilikuwa karibu. Vidoa vikaenda, yakabaki mabaka meupe yanayoonekana toka mlangoni. Ngozi nyeusi ikiungua hupoteza rangi, na wengine huota kovu nene. Uliza pia kama ameshafunga uzi au kupaka dawa ya kuunguza. Wengi wameshajaribu, wanaona haya kusema.

Sasa nyayo. Melanoma, saratani ya ngozi iliyo hatari, kwetu watu weusi hutokea zaidi nyayoni, viganjani na chini ya kucha, na hapo hapo ndipo penye hina na piko. Mama wa mwani atakwambia kakanyaga kitu baharini. Muulize tangu lini. Wazee hawatakupa mwaka, watasema "tangu msimu ule wa karafuu," nawe hesabu. Doa linalotanuka, lenye rangi mbili tatu, linalotoka damu, au kidonda kisichofunga: usingoje hina ifutike, andika rufaa siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa mzee anayekonda huku mabaka ya mgongoni yamezuka mengi kwa miezi michache. Mwenye ualbino ni habari nyingine kabisa. Kidonda chake kisichopona kihesabu saratani mpaka kipimo kikanushe.

Wanaume, mwiteni muuguzi wa kike kabla ya kumwambia bibi avue mtandio. Na wekeni beseni la maji na sabuni chini ya meza, maana miguu mingi huja na tope la shamba.